Maneno Si Asilimia Saba

Katika mafunzo ya uongozi yanayoandaliwa Voi, yawe ya vijana wa vikundi, ya wanaotaka viti vya wadi au ya akina mama wa vyama vya akiba, hufika wakati mwezeshaji akaandika ubaoni tarakimu tatu: 7, 38, 55. Asilimia saba ya ujumbe, anasema, hutoka kwenye maneno. Thelathini na nane hutoka kwenye sauti, na hamsini na tano kwenye mwili. Watu wananakili. Kisha mchana wote unakwisha kwa kujifunza kusimama: miguu iachane kiasi gani, mikono ifunguliwe vipi, macho yatue kwa nani na yakae hapo muda gani. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba akishaijua mikono yake, atakalolisema ni jambo dogo.

Imani hii ni ya uongo, na katika kaunti ya Taita Taveta inatugharimu.

Tarakimu zenyewe zilitoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechapisha tafiti mbili na wenzake mwaka 1967. Katika utafiti mmoja, watu walisikilizishwa maneno mojamoja yaliyorekodiwa kwa sauti za namna mbalimbali. Katika utafiti wa pili lilitumika neno moja tu, lenye maana ya "labda", likatamkwa mara kwa sauti ya kupenda, mara kwa sauti isiyojali, mara kwa sauti ya kuchukia, na kando yake zikawekwa picha za nyuso. Walichoulizwa wasikilizaji ni kama mtu huyo anampenda au hampendi anayemwambia. Basi. Hakuna aliyehutubia. Hakuna aliyetamka sentensi nzima yenye hoja. Mikono haikupimwa, wala miguu, wala namna ya kusimama, maana picha zilikuwa za uso. Hata hesabu ya mwisho ilipatikana kwa kuunganisha matokeo ya tafiti mbili tofauti, wala hapakuwa na jaribio moja lililopima maneno, sauti na uso kwa pamoja. Mehrabian mwenyewe alikuja kueleza kwamba hesabu yake inahusu mtu anayeonyesha hisia zake, kupenda au kutopenda, na kwamba nje ya hapo haina kazi. Anayeitumia kufundisha hotuba ya bajeti anampachika mwenzake neno asilolisema.

Hata bila kumjua Mehrabian, mtu angeweza kuipima imani hii hapa hapa nyumbani. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mzee wa Kasigau akipelekwa mbele ya hakimu Voi na kesi ikaendeshwa kwa Kiingereza, anamwona hakimu, anamwona kiongozi wa mashtaka, anaona nyuso na anasikia sauti zikipanda na kushuka. Kama tarakimu zile zingekuwa kweli, mzee huyo angekuwa amekwishapata asilimia 93 ya kesi yake, na mkalimani angekuwa wa kujaliza saba zilizobaki. Kila aliyewahi kukaa katika ukumbi wa mahakama anajua kwamba mzee huyo hajapata kitu. Hajui ameshtakiwa nini. Waliotunga katiba walilijua hilo wakaliandika.

Na redio je? Mwanedu FM inazungumza na Wadawida, yaani Wataita, kwa Kidawida, na msikilizaji aliye shambani Mgange au anayechuna mboga Wundanyi hauoni mwili wa mtangazaji hata kidogo. Anaelewa, anabisha, anacheka, anapiga simu studio.

Lakini linaloniudhi zaidi ni somo la macho, kwa sababu hilo linawaumiza watu. Vijana wetu wanaambiwa kwamba mzungumzaji asiyewatazama watu machoni hajiamini, au anaficha kitu. Katika nyumba nyingi za Kidawida, Kisagalla na Kitaveta, kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mzee anapozungumza jambo zito. Hiyo ni adabu, na wazee wanaisoma hivyo. Kijana huyohuyo akisimama mbele ya jopo la ufadhili wa masomo, au mbele ya kamati iliyofundishwa kwenye semina, adabu yake inaandikwa kuwa udhaifu. Msichana aliyefunzwa na bibi yake kutomkazia macho mwanamume mkubwa anaonekana hana msimamo, hata kama hoja yake ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote mezani.

Utafiti nao haumuungi mkono anayesoma ukweli machoni. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 200 kuhusu uwezo wa watu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Kwa wastani, watu walipatia mara 54 katika 100. Anayerusha sarafu hupata 50. Tunawafundisha watoto wetu kuhukumiana kwa kipimo ambacho hakiishindi sarafu kwa kitu cha maana, tena tunawafundisha hivyo kwa jina la ustadi.

Sasa tuje kwenye baraza, maana huko ndiko hasara ilipo kubwa.

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo. Ndovu wakitoka usiku, wanaingia Sagalla, Mwatate, Kishushe, Kasigau. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imetaja fidia: shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Madai hupitia kamati ya kaunti, na kamati hufanya kazi kwa karatasi. Mama aliyepoteza mahindi yake anaposimama barazani, kitakachomsaidia ni kutaja usiku gani, shamba liko wapi, ni ekari ngapi, ndovu waliingilia upande gani, taarifa ilitolewa kwa afisa gani wa wanyamapori na lini. Akiyasema hayo huku ameangalia chini, mikono ameifunga kwenye leso, sauti ndogo, amesema yote. Mwingine anaweza kuja na kifua mbele, akatembea mbele ya hema, akainua mkono, akanyamaza pale pa kunyamaza, akapigiwa makofi, na asiache hata tarehe moja.

Karani wa kikao haandiki mikono. Hilo ndilo wakufunzi wetu wanalolisahau. Kumbukumbu za kikao, ripoti ya kamati, Hansard ya bunge la kaunti, vyote huhifadhi maneno. Afisa atakayeifungua faili miezi sita baadaye katika ofisi ya Mwatate, au Nairobi, hatamwona yule aliyetembea vizuri. Atakachokikuta ni kilichosemwa, na kama hakikusemwa, hakipo. Wananchi wa Voi wamelalamika kwa miaka kwamba maji ya chemchemi za Mzima yanapita kwenye bomba kwenda Mombasa, tangu miaka ya 1950, huku mifereji yao imekauka. Lalamiko hilo limetolewa kwa uchungu, kwa ngumi zilizoinuliwa, kwa machozi. Uchungu huo ni wa haki. Hata hivyo palipohitajika nguvu ni pale mtu alipouliza kwa jina: mkataba gani, kiasi gani cha maji, nani anayelipwa, na kaunti inapata nini. Maswali hayo yanaweza kuulizwa na mtu aliyeketi.

Wakubwa wetu waliijua kazi hii kabla ya semina. Chama cha Taita Hills Association kilipopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940, sambamba na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wake kukamatwa, kilichokuwa kimewaudhi wakoloni ni madai: ardhi ya Wadawida imechukuliwa na tunataka irudishwe. Madai ya namna hiyo yanasomeka hata na mtu asiyewahi kumwona aliyeyatoa, na ndiyo maana yanatisha.

Sisemi mwili hauna kazi. Mzungumzaji asiyepumua vizuri sauti yake haifiki nyuma ya hema, na asiyejua kutulia kati ya hoja mbili huwachosha watu kabla hajamaliza. Tena Mehrabian alipata jambo la kweli, ila limefukiwa na tarakimu: maneno yanapopingana na uso kuhusu hisia, watu huuamini uso. Waziri wa kaunti akisema "tunawahurumia" huku anatabasamu na jirani yake, kila mtu barazani amejua anachohisi. Wazee wa Kidawida nao walilijua hilo kwa njia yao. Katika kutasa, ibada ambayo mwanaanthropolojia Grace Harris aliiandikia kitabu mwaka 1978, mtu huchukua kinywaji kinywani, akakipuliza nje, na huku anatamka maneno ya kuitoa hasira moyoni. Kitendo kinaonekana na wote waliopo. Maneno ndiyo yanayotaja ni nini kinachoondoshwa na ni kwa ajili ya nani. Mwenye kupuliza tu amemwaga kinywaji.

Ziko ishara za mwili ambazo ningependa zifundishwe kwa bidii, ila zinafundishwa kwa watu wasiozihitaji. Ni zile za anayesikiliza. Katika vikao vya umma, walio kwenye meza kuu hushika simu wakati mjane anaeleza jinsi mumewe alivyouawa. Huinama kunong'onezana. Hutazama saa. Mama yule anaona, sauti yake inapungua, anakatisha maelezo kabla hajafika kwenye ekari na tarehe, anaketi. Kumbukumbu zinaandika kwamba mkazi mmoja alizungumzia wanyamapori. Hapo mwili umefanya kazi kubwa kweli, umelifuta neno kabla halijatamkwa, na mwili huo ni wa afisa. Kama kuna fedha za mafunzo ya ishara, zipelekwe meza kuu, na wafundishwe kuweka simu chini na kumtazama anayesema mpaka amalize.

Kwa wananchi, fedha hizo zinunue kitu kingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapate habari na nyaraka kwa wakati ili waweze kushiriki. Rasimu ya bajeti ifike Taveta, Wundanyi, Mwatate na Voi siku kadhaa kabla ya kikao, kwa Kiswahili chepesi, na panapowezekana kwa Kidawida. Iwekwe kwa chifu, iwekwe maktaba, isomwe redioni. Mwezeshaji aketi na watu hao wa vikundi, wafungue ukurasa wa maji, wafungue ukurasa wa zahanati, waulize kwa nini kiasi cha mwaka uliopita hakikutumika, na kila mmoja aondoke na swali moja lililoandikwa vizuri, lenye tarakimu ndani yake. Siku ya kikao alisome hilo swali. Alisome kutoka kwenye karatasi akitaka, mikono ikitetemeka, macho yakiwa kwenye mstari, na karani aambiwe aliandike neno kwa neno.