Bonde la Kilombero: starehe ya wachache, kasheshe ya wengi

Msimamishe kijana yeyote pale Manzese, Mwananyamala au Temeke Mwisho, muulize sheshe ni nini. Atakucheka. Atadhani umeanza kusema "kasheshe" ukaishia njiani. Ndugu msomaji, usimcheke na wewe, maana huenda hata wewe hujui. Sheshe ni mnyama. Ni swala wa rangi ya kahawia ya dhahabu, dume lake lina pembe zenye pingili, na hapendi kukaa mbali na maji na majani mabichi. Bonde la Kilombero lilipoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ilielezwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani wanaishi humo. Nimesema duniani, sikusema Morogoro.

Yaani ukitaka kumwona mnyama huyu kwa wingi, huna haja ya pasi ya kusafiria. Unapanda basi, unapita Morogoro, unapita Mikumi, unashuka Ifakara. Lakini nani kati yetu amekwenda? Mzungu wa Texas amekwenda. Amempiga risasi, amechukua kichwa, amekitundika sebuleni kwake. Kijana wa Tandika hata jina la mnyama halijui. Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Bonde hili limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Urefu wake ni kama kilomita 260, na upana wake mahali pengine unafika kilomita 52. Masika yakikolea, mto Kilombero unatoka kwenye kingo zake, bonde linageuka ziwa. Maji yakikauka, yanaacha majani mabichi na madimbwi yaliyojaa samaki. Hapo wanajaa sheshe, nyati, viboko, mamba na ndege wasio na idadi. Yupo hata ndege aina ya mnana ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Wanasayansi walimtangaza rasmi mwaka 1990. Fikiria, dunia nzima ilikuwa haimjui, na wavuvi wa Kivukoni pale Ifakara walikuwa wakimsikia akilia juu ya matete kila siku.

Sasa utaniuliza: mimi nauza mitumba Karume, ndege wa Ifakara wananihusu nini? Wanakuhusu, bwana. Wali unaokula kwa mama ntilie, mara nyingi mchele wake unatoka huko. Na taa iliyo juu ya kichwa chako je? Mto Kilombero unakutana na Luwegu karibu na maporomoko ya Shuguli na kuzaa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji yanatoka Kilombero. Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme Februari 2024, linakunywa maji hayo hayo. Mabonde ya namna hii hufanya kazi ya sifongo: hunyonya maji wakati wa masika na kuyaachia pole pole kiangazi. Ukiliua bonde, usije ukashangaa siku moja umeme unakatika tena na wewe umekaa kinyozini nusu kichwa kimenyolewa.

Basi, mali kubwa namna hii inafaidiwa na nani?

Mwaka 1952 mkoloni alilitangaza bonde kuwa Pori Tengefu. Maana yake wakati ule ilikuwa moja tu: kuwinda kulihitaji kibali. Watu waliendelea kukaa, kulima na kuvua. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974 nayo iliwaacha waendelee. Baadaye yakaja mambo ya vitalu. Bonde likakatwa vipande, kampuni za uwindaji wa kitalii zikapewa, wageni wakaanza kushuka na ndege ndogo kwenye viwanja vya porini. Wakishamaliza siku zao wanaondoka na pembe.

Kuna na starehe nyingine ambayo wengi hamuijui. Katika mito ya huko kuna samaki mmoja mkali, mwenye meno yaliyotoka nje ya mdomo kama ya mbwa. Wageni hulipa kwa dola, wanasafiri kutoka Ulaya na Afrika Kusini, wanamvua kwa ufito, wanapigana naye dakika kadhaa, wanapiga naye picha, halafu wanamrudisha majini. Sina ugomvi nao. Starehe ni starehe, kila mtu na yake, na samaki anabaki hai. Lakini mtazame mvuvi wa pale pale, aliyezaliwa ukingoni mwa mto ule. Akiingiza mtumbwi sehemu hiyo hiyo bila kibali, huyo ni mhalifu. Nyavu zinachukuliwa, mtumbwi unachukuliwa, yeye anapelekwa mahakamani. Samaki ni mmoja, mto ni mmoja. Mmoja anaitwa mtalii, mwingine anaitwa jangili.

Wakubwa watasema sheria ni msumeno. Tuutazame basi huo msumeno umekata wapi. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Wanyamapori, Namba 5. Kwa kalamu hiyo moja, kulima na kuchunga ndani ya mapori tengefu kukawa kosa. Kijiji kilicholala usiku kikiwa halali, kikaamka kikiwa haramu. Oktoba 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Januari 2019 Rais Magufuli akaagiza vijiji vilivyomo ndani ya hifadhi visiondolewe ovyo, ikaundwa kamati ya mawaziri kuzunguka nchi nzima. Watu wakashusha pumzi. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ikatangazwa kuwa Pori la Akiba, ngazi ya juu zaidi ya ile ya zamani. Na ndani ya pori la akiba huingii hivi hivi, mpaka kibali. Lakini uwindaji wa kitalii, huo sheria inauruhusu.

Umeona mtiririko wake? 1952 tangazo. 2009 sheria. 2012 operesheni. 2019 agizo. 2023 tangazo tena. Bendera imebadilika, mkoloni amekwenda kwao, lakini dawa ni ile ile: bwana mkubwa anatamka, kabwela anahama. Serikali inasema iliwashirikisha wananchi. Wanavijiji wengi wanalalamika kwamba walishirikishwa kwa kuonyeshwa kigingi kilichokwisha kuchimbiwa. Huo ndio ushirikishwaji wa chama kimoja tuliodhani tumeuzika mwaka 1992.

Tena hawa hawa wanaofukuza ndio waliosababisha msongamano. Kumbukeni Ihefu. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji watoke bonde la Usangu kwa sababu mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini ng'ombe si makaratasi kwamba ukiyafuta yamekwisha. Ng'ombe anatembea. Waliambiwa waende Lindi na Pwani, na wengine wakaishia Kilombero. Kwa hiyo tatizo la bonde moja likahamishiwa bonde lingine, na miaka michache baadaye wakubwa wakaja juu kwa hasira: hawa ng'ombe wametoka wapi? Jamani, si ninyi mliowaswaga?

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi bonde liachwe kila mtu ajikatie. Mwandishi atakayewaambia kwamba hakuna tatizo atakuwa anawadanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha sheshe zaidi ya 50,000 bondeni. Zaidi ya miaka 10 baadaye, hesabu hazikufika nusu ya hapo. Ng'ombe wamekula majani yao, majembe na matrekta yamefika mpaka ukingoni mwa maji, njia ambazo tembo walipita kutoka Udzungwa kwenda Selous zimejaa mashamba. Bonde linaumwa kweli. Ninachobishia ni daktari na dawa yake.

Kwa sababu, hebu jiulizeni: toka 1952 mpaka leo ni zaidi ya miaka 70 ya amri. Vitalu vilikuwepo. Askari walikuwepo. Bunduki zilikuwepo. Na sheshe wamepungua. Kama amri peke yake ingekuwa inafuga wanyama, Kilombero ingekuwa imefurika. Mlinzi wa kweli wa bonde ni yule anayelala jirani nalo, na huyo ndiye aliyefundishwa kwamba mnyama ni wa Serikali na mgeni, yeye ni wa kukimbizwa tu. Mtu wa namna hiyo akimwona mwenye mtego anapita usiku, kwa nini apige kelele?

Na sisi wa mjini tumefundishwa ujinga ule ule kwa njia nyingine. Tumeambiwa Mswahili hapendi utalii wa ndani. Uongo mtupu! Nendeni Coco Beach Jumapili jioni muone kama Mswahili hapendi kupunga upepo. Simba na Yanga wakicheza mkoani, vijana wanakodi basi, wanaimba njia nzima, hela ya kula hawana lakini wamefika. Kiingilio cha mwananchi kwenye hifadhi zetu nyingi ni pungufu ya bei ya jezi moja. Kinachotushinda si geti. Kinachotushinda ni kwamba ukishafika getini unatakiwa uwe na gari lako, na ukitaka kulala unatajiwa bei ya dola. Starehe ya porini imeshonwa kwa vipimo vya mgeni, halafu tunalaumiwa kwamba suti haitutoshi.

Nimeitaja Coco Beach kwa makusudi. Ufukwe ule ulipoingia kwenye mgogoro wa mwekezaji, watu wa Dar es Salaam walipiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu wameogelea pale, wamekula mihogo pale, wametongozana pale. Wanapajua. Mtu hukipigania kile alichokichezea. Sasa nani wa mjini atakipigania kitalu cha Kilombero ambacho hajawahi kukitia machoni? Bonde likiuzwa leo usiku, sisi tutapata habari kesho kutwa, tutafungua ukurasa wa michezo.

Kwa hiyo nayasema matatu, na ninaomba vijana myabebe.

La kwanza, mipaka. Ramani ya Pori la Akiba Kilombero ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji inachokigusa, kwa Kiswahili, vigingi vikaguliwe na wanakijiji wenyewe, na penye mgogoro pasikilizwe kabla askari hajatumwa. Kijiji kilichosajiliwa na Serikali hakiwezi kuwa mvamizi wa Serikali hiyo hiyo.

La pili, fedha. Mikataba ya vitalu na mapato yake yawekwe hadharani kila mwaka: kitalu kimeingiza kiasi gani, halmashauri imepata ngapi, kijiji kimeona ngapi. Bondeni ipo jumuiya ya hifadhi ya vijiji, ILUMA, na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ndiyo iliyosema wananchi wafaidike. Sera imekuwa mtu mzima, ina familia sasa. Waulizwe wanavijiji: mmefaidika?

La tatu, na hili ndilo letu hasa: itengwe sehemu ya bonde kwa starehe ya mwananchi wa kawaida. Sidai lami wala hoteli. Mitumbwi ya wenyeji ya kuzungusha watu kuona viboko na ndege, kambi za kijiji ambapo kijana analala kwa bei ya gesti ya Ifakara, uvuvi wa ndoana kwa kibali rahisi, na vijana wa pale pale wawe waongozaji, walipwe. Anayezungusha wageni kwenye mtumbwi wake ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkamata mwenye sumu ya samaki, maana huyo anaua ajira yake. Usafiri si kisingizio tena. Zamani tuliogopa kivuko, na kweli kilizama Januari 2016. Lakini daraja limefunguliwa mwaka 2018, linapita juu ya mto wenyewe. Reli ya TAZARA nayo imekatiza bonde tangu miaka ya 1970.

Watasema hatuna uwezo. Nchi iliyojenga bwawa la megawati 2,115 ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kupanga mitumbwi ishirini Ifakara. Uwezo upo. Hawajaona ulaji ndani yake, basi.

Wagombea watakuja tena mtaani kwenu na mashangingi yao, na fulana, na kanga za akina mama. Fulana pokeeni, ni kodi yenu. Halafu mmoja wenu anyooshe mkono aulize, kwa adabu tu: Mheshimiwa, kitalu cha Kilombero mwaka jana kimeingiza shilingi ngapi, na mimi mwananchi natakiwa kupitia mlango gani kwenda kumwona sheshe? Akianza longolongo, mmeshapata jibu lenu. Kura ni yenu.