TAHARIRI: TUHESABU KWANZA, NDIPO TUILAUMU SHULE



Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, mazungumzo ya nje ya kanisa baada ya Misa huwa ni yale yale: shule ya jirani imeng'ara, shule yetu imeshika mkia, walimu wetu ni wavivu. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na kumi za mwisho, lakini orodha hiyo ingali hai midomoni mwetu. Tunapenda kusema waziwazi katika toleo hili kwamba kuihukumu shule kwa alama za mtihani peke yake, bila kuuliza imepokea watoto wangapi, walimu wangapi na fedha kiasi gani, ni kuikosea haki.

Tuanze na watoto. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 44.9, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Katikati ya miaka hiyo, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na mwaka 2016 watoto kama milioni mbili waliandikishwa darasa la kwanza. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu ya kufurahi, maana mtoto wa maskini aliyekuwa akibaki nyumbani kwa kukosa mchango alipata mahali pa kukaa darasani. Hata hivyo vyumba, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Kipimo kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Vijijini si ajabu kumkuta mwalimu mmoja mbele ya watoto mia.

Watoto wa mwaka ule walitazamiwa kumaliza darasa la saba mwaka 2022. Waliopata matokeo mwaka huo walikuwa takriban milioni moja na laki tatu na nusu, na karibu asilimia 80 kati yao walifaulu. Wengi tuliisifu asilimia hiyo. Je, wale wengine zaidi ya laki sita walikuwa wapi? Baadhi walikuwa wamekariri darasa, lakini wengine walikwisha kuacha shule: wako machungani, migodini, ziwani, au katika kazi za ndani mijini. Hao hawamo katika asilimia yoyote ya kufaulu wala ya kushindwa. Mchungaji wa Injili alitambua kwamba kondoo mmoja amepotea kwa sababu alikuwa na desturi ya kuwahesabu wote mia. Sisi tumezoea kuwahesabu waliofika zizini tu.

Sasa tuje kwenye fedha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia dola 10. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa kile kile, na thamani yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 5. Katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Tukokotoe wenyewe. Shule ya wanafunzi 800 kwa kiwango hicho hupata 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Shule ya kitongojini yenye wanafunzi 120 hupata 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, aende wilayani kuleta taarifa, na azibe paa linalovuja. Paa lililotoboka halipungui bei kwa kuwa chini yake wamo watoto wachache. Kugawa kwa kichwa huonekana ni usawa. Lakini usawa wa hesabu hauwi haki daima, na anayeumia zaidi ni mtoto wa shule ndogo iliyo mbali.

Lakini tusiinyoshee serikali kidole huku tumeficha mikono yetu wenyewe. Waraka ulipotoka, wengi wetu tulidhani kazi ya mzazi imekwisha, ilhali sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa viliachwa kwa mzazi. Uji uliokuwa ukipikwa shuleni ulikoma mahali pengi, na mtoto mwenye njaa hasikii somo. Baadhi yetu viongozi tumewahamishia watoto wetu shule za kulipia, na tangu hapo hatuonekani tena kwenye mkutano wa shule ya kijiji. Nasi mapadre tuliolelewa seminarini tukiri kwamba seminari huchagua wanafunzi wake. Shule ya kijiji humpokea kila mtoto anayeletwa. Kuzilinganisha mbili hizo ni kujisifu bure.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Pius XI alikwisha kueleza mwaka 1931 kanuni ya auni: ngazi ya juu isinyang'anye kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza, bali iisaidie pale inapozidiwa. Basi kila mmoja afanye sehemu yake.

Kila Jumuiya Ndogondogo ihesabu watoto wa eneo lake, wa dini zote, ijue ni nani aliandikishwa na haendi tena, na kwa nini. Wazazi wahudhurie mikutano ya shule, wakaombe kuonyeshwa fedha zilizopokelewa na zilivyotumika, kwa heshima na bila kumgeuza mwalimu mkuu mshitakiwa. Wakubaliane kwa hiari juu ya debe la mahindi kwa ajili ya uji, na asifukuzwe mtoto yeyote kwa sababu nyumbani kwao hakuna. Viongozi wa walei wamwendee diwani kabla halmashauri haijapitisha bajeti, wakamwulize shule ndogo zimewekewa nini zaidi ya fedha za kichwa.

Tukikwisha kufanya hayo, tutakuwa na haki ya kumwuliza mwalimu kwa nini watoto hawakufaulu. Naye atatujibu akijua kwamba tunaoongea naye tumebeba mzigo pamoja naye.