Reli Ilitupita, Lami Isitupite



Milima ya Upare ina pande mbili. Upande wa magharibi ziko Hedaru, Makanya na Same, zenye stesheni, maduka na maghala. Upande wa mashariki tupo sisi wa Kihurio, Ndungu na Maore, tunaolima mpunga kwa maji ya mlimani. Mgeni huuliza: kwa nini mji umekaa kwenye ukame, na kwenye mpunga hakuna mji? Jibu halimo katika udongo wala katika akili za watu. Jibu ni reli.

Katika karne ya 19 misafara ya Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita upande huu wetu, ikapumzika Gonja na Kisiwani. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1905 ikafika Mombo, mwaka 1911 ikafika Moshi, nayo ilipita magharibi ya Upare. Hawakuijenga kwa ajili ya Mpare, bali ili mali ya mashamba ya walowezi ifike bandarini. Lakini duka hufuata njia. Baadaye makao ya wilaya yakawa Same, na barabara kuu ya lami ikafuata mkondo ule ule. Hivyo uamuzi wa mkoloni uliendelea kututawala hata baada ya bendera yake kushushwa mwaka 1961.

Sasa lami inakuja upande wetu, kipande kwa kipande, katika barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi. Tuna haki ya kufurahi. Lakini wako wanaosema kwamba lami ikifika, maendeleo yatakuja yenyewe. Mimi nasema sivyo.

Tufanye hesabu. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa mchele kama kilo 65. Zilizobaki ni maganda na pumba. Basi anayesafirisha mpunga hulipia maganda nauli. Njia ikiwa mbovu nauli huwa kubwa, kwa hiyo ni afadhali kukoboa hapa hapa, na mwenye mashine kijijini hupata riziki. Njia ikiwa nzuri nauli hushuka, na tajiri wa mjini mwenye mashine kubwa aweza kuleta lori lake shambani akachukua mpunga, maganda na yote. Hapo kazi ya kukoboa, kupanga madaraja, kufunga na kuuza itaondoka na lori. Sisi tutabaki na jembe tu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Hawakuyaacha maji ya mlimani yateremke bure. Walijenga ndiva, wakayakusanya usiku, na mchana wakayafungulia mashamba kwa zamu. Biashara nayo yataka ndiva yake.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, serikali ya kijiji na halmashauri zitenge sasa ardhi ya soko, ghala na kituo cha malori, kabla viwanja vya kando ya barabara havijachukuliwa na wenye fedha. Pili, wakulima tuingie katika ushirika wa kweli, tununue mashine kubwa ya kukoboa iliyo mali yetu. Tatu, tuache kuuza mpunga ungali shambani kwa bei ya shida.

Mtu atasema kila mkulima ana uhuru wa kuuza atakako. Ni kweli, wala hakuna anayemkataza. Lakini asiye na ghala hana uhuru wa kungoja bei. Huuza siku lori lilipofika, kwa bei aliyokuja nayo mwenye lori. Uhuru wa namna hiyo ni wa mnunuzi peke yake.

Ndugu zangu, reli ilipotupita hakuna aliyetuuliza. Safari hii tuna mikutano ya kijiji, tuna madiwani, tuna kura. Tukinyamaza, lawama ni yetu wenyewe.

Uhuru na Kazi!