Tuigize nyumba zetu, si karatasi za wengine



Hapa Busasamana, vijana tukisema tunataka kucheza teatre, swali la kwanza ni: "Ujumbe ni gani?" Kisha tunaletewa karatasi. Papa mlevi, mama analia, binti anabeba mimba, halafu mhamasishaji anaingia na kueleza kila kitu. Watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, basi. Mara ingine ni karatasi ileile, mlevi tu ndiye anabadilika.

Hatusemi michezo hiyo ni mibaya. Walevi wako, na mimba za mapema ziko. Shida ni kwamba familia zetu hazimo ndani. Kuna papa aliyebaki ng'ambo, upande wa Kibumba, kulinda shamba, na mama hajui kama bado ni mke ao ni mjane. Kuna mtoto wa miaka 12 anayemtafsiria mama yake mbele ya daktari, mpaka maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Kuna familia ambayo dosye yake ya kwenda Kanada imekubaliwa, lakini dada mkubwa hayumo juu aliolewa. Usiku ule kabla ya safari, wanaambiana nini? Huo njo mchezo.

Na huko Kanada kwenyewe, watu waliotoka mbali kama sisi wameandika mambo ya namna hii. Ins Choi, ambaye familia yake ilitoka Korea, alionyesha mchezo wake Kim's Convenience mjini Toronto mwaka 2011. Ni papa mwenye duka dogo, anataka binti yake alirithi, lakini binti anataka kazi ya kupiga picha. Kijana wake wa kiume alishaondoka nyumbani kisha kupigwa na baba. Hakuna mhamasishaji anayeingia mwishoni kusema nani mwenye kosa. Unamcheka yule mzee, kisha unamhurumia, kisha unamkumbuka wa kwako. Mchezo huo ulifika mpaka kwenye televisheni.

Wajdi Mouawad naye alikimbia vita ya Lebanoni akiwa mtoto, akakulia Ufaransa na Quebec. Katika Incendies, ya mwaka 2003, mama anakufa kisha miaka ya kunyamaza, na anawaachia mapacha wake barua za kupelekea baba na kaka wasiowajua. Ni nani kati yetu hana mzazi anayenyamaza hivyo?

Msiseme hayo ni ya wazungu. Mwaka 2008, mchezo wa Mkanada Colleen Wagner, The Monument, ulichezwa hapa Rwanda kwa Kinyarwanda, na waigizaji Wanyarwanda. Ni mama aliyepoteza binti yake, uso kwa uso na kijana askari aliyeua. Kama mchezo wa Kanada uliweza kusema Kinyarwanda, wetu utashindwaje kusema Kiswahili cha Goma na Rutshuru?

Na wale wanaogopa kwamba bila karatasi hakuna mafunzo, waangalie Urunana. Iko kwenye radio tangu 1999, inafundisha afya, lakini watu wanaifuata juu wanataka kujua yule mtu alifikia wapi na nyumba yake. Mafunzo yanaingia kwa mlango wa hadithi.

Wazee wetu watasema mambo ya nyumba hayatoki nje. Tunawaheshimu, na wana haki kwa sehemu. Kwa hiyo tuweke masharti: tusiigize nyumba ya jirani hata watu waijue, tuchanganye familia tatu kuwa moja, tubadilishe majina, na kabla ya kucheza, tuwaonyeshe mama zetu kwanza. Wakisema sehemu fulani inauma sana, tunaiondoa.

Kwa mashirika tunaomba kitu kidogo: mutupe kivuli, daftari, na saa mbili kwa juma. Ujumbe mutuachie tuutafute wenyewe.

Juu familia zetu zinaendelea kugawanyika. Wamoja wanapelekwa kambi za mbali, wengine ng'ambo ya bahari, wengine wanarudi. Tukingoja tufike Kanada ndipo tuandike, tutaandika tukiwa tumeshasahau namna mama alivyokuwa anaita watu kula.

Kila mmoja aandike mazungumzo ya watu wawili wa nyumba moja, ukurasa mmoja tu. Tukikutana, tunasoma kwa sauti.