Bawabu wa Kivinjari Analipwa na Nani?

Istilahi kivinjari imetokana na kitenzi vinjari, chenye maana ya kuzunguka huku na huko kwa doria. Ni istilahi nzuri, ila imebeba kinaya. Anayevinjari siku hizi ndiye anayeviziwa. Mwanafunzi afunguapo ukurasa mmoja wa gazeti kutafuta tahakiki ya riwaya, kivinjari chake huagizwa kuita mitambo mingine chungu nzima asiyoijua: ya kuleta matangazo ya biashara, ya kupima amekaa hapo kwa muda gani, ya kupachika vidakuzi vitakavyomtambua kesho katika tovuti nyingine kabisa. Shehena hiyo yote hupakuliwa kwa bando alilolinunua yeye mwenyewe.

Ndiposa viendelezi vya kuzuia matangazo na ufuatiliaji vimepata wafuasi wengi. Aghalabu wanaovilinganisha huuliza ni kipi kinachozuia matangazo mengi zaidi. Swali hilo halitoshi. Kiendelezi cha aina hii kwa kawaida huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika kila tovuti anayoitembelea mtumiaji. Huyo ni bawabu aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote. La kuulizwa kwanza, basi, ni nani anayemlipa mshahara.

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Kampuni ya Avast ilisambaza programu za kupambana na virusi pamoja na viendelezi vya kivinjari, ikiahidi kuwakinga watumiaji dhidi ya kufuatiliwa. Mnamo Februari 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza kwamba Avast ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za kuvinjari za watumiaji hao hao na kuziuza, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, kwa wanunuzi zaidi ya 100. Ilitakiwa kulipa dola milioni 16.5. Jumpshot ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 2020, lakini data iliyokwisha kuuzwa hairudi ghalani.

Si wote waliofikia kiwango hicho. Adblock Plus, iliyotolewa mwaka 2006 na Wladimir Palant, iliwazoesha wengi kusoma bila bughudha, na mkataba wake haukufichwa. Tangu Desemba 2011 huyapitisha matangazo iyaitayo yanayokubalika, yaani yasiyorukaruka wala kuziba matini, mpaka mtumiaji aende mwenyewe kwenye mipangilio akayakatae. Kampuni kubwa hulipia nafasi hiyo. Mwaka 2015 gazeti la Financial Times liliripoti kwamba Google, Microsoft na Amazon zilikuwa miongoni mwa waliolipa. Watetezi wake husema kuwa magazeti huishi kwa matangazo, na hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wapenzi wa Kiswahili wanaotaka magazeti ya lugha hii yaendelee kuchapishwa. Hata hivyo, bawabu apokeaye bahasha kutoka kwa wageni anaopaswa kuwachuja amekwisha kupoteza sifa ya kuwa mwamuzi, hata kama bahasha hiyo hupokelewa mchana peupe.

Anayejali riziki ya magazeti ana njia iliyo bora kuliko hiyo. Privacy Badger, iliyotolewa mwaka 2014 na shirika lisilo la faida la Electronic Frontier Foundation, haiwindi matangazo kwa kuwa ni matangazo. Huwazuia wanaomfuata msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Tangazo lisilomnyemelea mtu hupita salama.

Kwa msomaji anayetaka ukurasa mweupe usio na chochote ila matini, kiendelezi cha kuchaguliwa ni uBlock Origin. Mwasisi wake, Raymond Hill, haombi wala hapokei michango. Hapa mwanafunzi wa lugha azingatie neno moja: Origin. Mwaka 2015 Hill alimkabidhi mtu mwingine mradi wake wa awali, uBlock, kisha akaendelea na kazi yake chini ya jina hilo refu. Ile uBlock kavu ilinunuliwa mwaka 2018 na watengenezaji wa AdBlock, na mwaka uliofuata ikajiunga na mpango ule ule wa matangazo yanayokubalika. Anayesoma jina nusunusu huishia kumwajiri bawabu mwingine.

Uchaguzi huu hauwezi kutenganishwa na ule wa kivinjari chenyewe. Google, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo, ilibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin ilikuwa imezimwa humo. Iliyobaki ni uBlock Origin Lite, ambayo hulazimika kuwasilisha orodha ya makatazo mapema badala ya kuamua kila ombi linapobisha hodi. Ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Firefox imeendelea kuipokea ile kamili. Kwenye simu tofauti ni kubwa zaidi: Chrome ya kawaida ya Android haipokei viendelezi, ilhali Firefox ya Android huvipokea, uBlock Origin ikiwamo. Na gazeti ambalo msomaji analithamini laweza kufunguliwa lango kwa kugusa kitufe kimoja tu, lango la tovuti hiyo peke yake.