“Baba, mimi kidogo siwezi”



Wapendwa, wiki mbili zilizopita padri mwenzangu aliyekuwa masomoni Leuven, Ubelgiji, alipita kwangu hapa Kiembe Samaki na chupa mbili za bia nyeusi. Si bia ya kreti. Ni Chimay, ile ya lebo ya bluu, inayopikwa ndani ya abasia ya Scourmont. Watawa wa pale ni Watrapisti, nao hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kama ndugu zetu wa Peramiho na Ndanda. Walianza kupika bia mwaka 1862, na hii ya bluu waliitoa mara ya kwanza kwa ajili ya Noeli.

Nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa kukataa bia. Nimezaliwa mgombani, Kilimanjaro, ambako mbege ya ndizi na ulezi iko kwenye posa, kwenye matanga na kwenye kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kuwa ni salama, kisha kata inazunguka. Kwa hiyo udadisi ulinishika.

Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu ambaye kila Ramadhani hunitumia tambi na kaimati, na huniita “mwanangu padri”. Kwa heshima yake tulifunga dirisha la upande wake kabla ya kuzibua chupa. Nilidhani hiyo ndiyo adabu yote iliyotakiwa jioni ile.

Ladha yake? Ukinywa kwa haraka hutaipata. Inaanza na zabibu kavu na sukari guru, kisha mkate uliobanikwa hadi ukakaribia kuungua, na mwishoni, amini usiamini, kuna karafuu. Sisi wa Unguja tunaijua karafuu hata tukiwa usingizini. Mwenzangu akacheka, akasema hakuna karafuu hata punje moja humo. Ni kazi ya chachu, ambayo huendelea kuumua bia hata baada ya kufungwa chupani. Nikaona ni ajabu nzuri ya Mungu, na bado naona hivyo.

Lakini ni kali: asilimia 9. Safari Lager ina 5.5. Chupa ile kubwa ya mililita 750 ina kilevi cha karibu Safari mbili na nusu. Utamu unaficha hilo.

Ndipo akabisha hodi ndugu mmoja, fundi kutoka bara, ambaye kila Jumapili hutusaidia kupanga viti. Alikuja kurudisha funguo. Nami, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kunywa nusu glasi, nikamwambia: “Karibu, onja kidogo. Hii ni bia ya watawa.”

Aliipokea glasi kwa mikono miwili, kwa kuwa ni padri anayempa. Akainusa. Akaiweka mezani taratibu. “Baba,” akasema, “mimi kidogo siwezi. Kwangu kuna hapana, na kuna kreti.”

Nilikuwa nalijua jambo hilo. Mkewe alikuja kwangu kabla ya Kwaresima akilia, na mimi ndiye niliyekaa naye siku alipoamua kuacha. Miezi mingi hakugusa tone. Mimi niliyefunga dirisha kwa ajili ya jirani wa ng’ambo ya ukuta, nilimpa glasi mkononi ndugu wa jumuiya yangu, na nikamtaja mtawa ili ashindwe kukataa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kama pombe ingetakaswa na kanzu ya aliyeipika, mapadri tusingekuwa na walevi miongoni mwetu, nao tunao.

Kanisa halijaharamisha divai wala bia. Bwana wetu alijaza mabalasi sita kule Kana, na Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hayo tunayanukuu haraka sana, hasa kwenye sherehe za Komunyo ya Kwanza, ambako mtoto ana soda moja na wajomba wana kreti sita. Sura ya kumi na nne ya Warumi hatuinukuu, ile ambapo Paulo anasema ni heri kuacha nyama na divai kuliko kumkwaza ndugu. Seminarini Segerea niliifanyia mtihani sura hiyo, na nilifaulu.

Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, anasema kwa kusitasita kwamba anaona tabu kumpangia mtu mwingine kipimo. Anawafikiria walio dhaifu na kuruhusu kipimo kidogo cha divai kwa siku, lakini pia anawaahidi thawabu yao wale waliojaliwa kujizuia. Watawa wenyewe basi, ambao jina lao nililitumia vibaya, hawajawahi kudhani kwamba glasi moja inawafaa wote.

Hapa Unguja tuko wachache, na wengi wetu tumetoka bara. Majirani wana utani wao: ukitaka kujua Mkristo anakaa wapi, tazama chupa nje ya mlango. Tunacheka. Fundi yule hacheki, maana anajaribu kuwa Mkristo bila chupa, na sisi wenzake ndio tunaomchelewesha.

Nilimwomba msamaha jioni ileile, mbele ya mgeni wangu. Chupa ya pili mwenzangu aliondoka nayo. Jumamosi ijayo jumuiya yetu inaadhimisha sikukuu ya somo wake, na safari hii mkewe fundi ndiye mpishi: pilau, na ndoo mbili za juisi ya ukwaju. Wapo wanaonung’unika tayari. Nimewaambia nitafika mapema, na nitakaa hadi ndoo ziishe.