Swali la Mtaani Halingoji Uchaguzi

Wakazi wa kata kama Rasbura, Manispaa ya Lindi, huuliza juu ya mitaro, taa, taka na viwanja vya watoto kuchezea. Ipo hoja inayoandikwa mara kwa mara kwamba maswali hayo ni siasa tu: aliyechagua angoje miaka 5, ndipo ahukumu kwa kura.

Hoja hiyo inasahau nani hupigiwa kura. Mwenyekiti wa mtaa na diwani huchaguliwa. Mtendaji wa mtaa na mhandisi ni waajiriwa. Sanduku la kura haliwagusi. Swali la mkutanoni huwafikia. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 nayo inataja lengo la serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, bila kusema mara moja kila miaka 5.

Chukua kalavati lililozibwa na mchanga na makumbi ya nazi. Mvua ya masika ikinyesha, maji huingia ua wa jirani leo, si mwaka wa uchaguzi. Na nani azibue? Tangu 2017 barabara nyingi za mijini, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka zimebaki kwa halmashauri. Mkazi hutupwa huku na huku kama mpira (na hapo ndipo wengi hukata tamaa). Swali lililoandikwa katika muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, likapanda kamati ya maendeleo ya kata hadi baraza la madiwani, humsukuma mhusika wa TARURA au wa halmashauri kujibu kwa jina la ofisi yake.